Usukani ukikugomea karibu na kutua

Wewe uliye rubani, au uliye bado shuleni unahesabu masaa ya leseni, naomba tuanze na mkono wako wa kulia. Huwa unafanya nini pale ndege inapofanya jambo ambalo hukuiomba?

Wangu, siku ile, ulikuwa bado umeshika kishikio cha flapi, zile bapa za nyuma ya mabawa zinazosaidia ndege kubebeka kwenye kasi ndogo. Tulitoka Seronera, Serengeti, asubuhi kuja Arusha na Caravan, ile Cessna 208B ya injini moja, abiria 9, mimi kushoto na kulia kwangu kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini. Hewa ilikuwa safi, mlima Meru umetoka wote bila wingu. Tulipangiwa kutua kuelekea mashariki, zimebaki maili 5 hivi, futi 1,500 juu ya ardhi. Nikateremsha flapi nyuzi 10 kama nilivyofanya mara maelfu. Bawa la kushoto likanyanyuka. Upepo ukikugonga hukupiga kisha ukaachia. Hili lilinyanyuka taratibu na likaendelea, kama mtu ameingiza bega chini yake. Usukani nimeshaupeleka kushoto na bado ndege inataka kulalia kulia.

Nikarudisha flapi juu. Ndege ikatulia.

Zilikuwa sekunde 4 labda. Ninayokuandikia hapa yametokana na hizo sekunde 4, na dakika 25 zilizofuata, na yale niliyofundishwa na walionitangulia. Hayachukui nafasi ya kitabu cha ndege yako. Namba nitakazotaja ni za Caravan na Cessna 172 kwa sababu ndizo ndege ninazozijua kwa mikono. Za kwako zitafute uzisome ukiwa umekaa chini na kikombe cha chai, kabla hujazihitaji.

Tengua ulichofanya mwisho

Ndege ikibadilika tabia ghafla, jiulize ulifanya nini sekunde chache zilizopita, kisha ukirudishe kilipokuwa. Umeteremsha flapi? Zirudishe. Umewasha autopailoti? Izime. Trimu, kile kifaa kinachoshikilia pua mahali pake bila wewe kuvuta usukani, inakimbia yenyewe na pua inavutwa chini? Shika usukani kwa nguvu zako zote, bonyeza kile kitufe chekundu cha kukata autopailoti na trimu, halafu vuta sakiti breka ya trimu ili isipate umeme tena. Wakati huo hulazimiki kujua kilichoharibika. Unajua kwamba dakika moja nyuma ndege ilikuwa inaruka vizuri, kwa hiyo unajua umbo ambalo bado inarukika. Rudi kwenye umbo hilo.

Mpangilio wenyewe una maana. Kwanza izuie ndege isilale, kwa kutumia eleroni (bapa za mabawa zinazolaza ndege upande) na ruda (bapa la mkia linalogeuza pua) pamoja, kwa mkono na kwa mguu. Ndipo kishikio kipande juu. Halafu kasi: kwa flapi zilizotoka upande mmoja, kitabu cha Caravan kinataka ushuke hadi noti 100 (maili za baharini kwa saa) au chini yake, kwa sababu hewa inapopungua msukumo, na nguvu inayopindua ndege inapungua. Wengi hukimbilia kishikio kabla ya usukani, na katika sekunde hizo mbili ndege imeshalala nyuzi 40.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hapo ndipo ninapoona vijana wengi wanapotezwa na nia njema. Ndege ilipotulia tu, msaidizi wangu akanyoosha mkono kuelekea kishikio. "Kapteni, tujaribu tena 10? Labda ilikwama tu."

Nikaweka kiganja changu juu ya kishikio nikakiacha pale.

Sikumkemea, kwa sababu na mimi moyoni nilikuwa nataka hicho hicho. Akili inatamani kuthibitisha kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Lakini kifaa kilichogoma karibu na ardhi kikakurehemu ukakirudisha hakijakuahidi kwamba mara ya pili kitarudi. Ukikijaribu tena unaweka rehani umbo pekee ambalo una hakika nalo, na unachotafuta ni faraja tu.

Kuna ajali ninayowasimulia wanafunzi wote. Tarehe 31 Januari 2000, ndege ya Alaska Airlines, safari namba 261, aina ya MD-83, ilitoka Puerto Vallarta, Mexico, kwenda San Francisco na Seattle. Trimu ya mkia ilikwama. Nati iliyoshika skrubu ndefu inayosogeza bawa la mkia ilikuwa imelika meno kwa kukosa grisi ya kutosha. Marubani waliihangaikia ile trimu, na walipoifungua kutoka pale ilipokwama, ndege ikachomoka kuelekea chini. Wakaiokoa. Wakawa wanaelekea Los Angeles, bado wanatafuta namna, mpaka skrubu ikaachia kabisa juu ya bahari. Walikufa wote 88. Siwahukumu. Walikuwa marubani wazoefu na walipigana hadi mwisho. Ninachochukua kwao ni hiki tu: udhibiti uliokwama mahali ambapo ndege bado inarukika, uache hapo hapo ulipokwama.

Kishikio kimoja, magonjwa mawili

Hapa naomba utulie usome mara mbili, kwa kuwa marubani wa Caravan huchanganya mambo haya na majibu yake yanapingana.

Ugonjwa wa kwanza ni flapi kutotoka kabisa. Umesogeza kishikio, ndege haijabadilika, sindano ya flapi imesimama. Hakuna kulala upande. Huenda mota imekufa. Kwa hili kuna tiba: angalia sakiti breka za mota ya flapi, ile ya kawaida na ile ya akiba, ziwe zimeingia. Kama bado, juu ya kichwa chako kuna swichi mbili zilizofunikwa na kifuniko, na moja imefungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Kata ule waya kwa kunyanyua kifuniko, weka swichi kwenye akiba, kisha kwa swichi ya pili teremsha flapi huku ukiitazama sindano. Iachie kabla flapi hazijafika mwisho. Hili ni la muhimu mno: mota ya akiba haina kile kitu kinachoikata ikifika ukomo. Ukiendelea kubonyeza itasukuma chuma kwenye chuma, na ulilokuwa nalo dogo litakuwa kubwa.

Ugonjwa wa pili ndio wangu: flapi imetoka upande mmoja. Mota ni nzima kabisa. Kilichokatika ni kiungo kinachopeleka nguvu upande wa pili. Ukienda kwenye ile mota ya akiba kwa ugonjwa huu, unaongeza mvutano wa bawa moja dhidi ya jingine kwa mkono wako mwenyewe.

Utajuaje ni upi? Kama ndege inalala, ni upande mmoja. Usiulize zaidi. Na kwa Caravan tumejaliwa mabawa ya juu: geuza shingo kushoto, mwambie mwenzako ageuze kulia, mtazame ukingo wa nyuma wa kila bawa. Msaidizi wangu aliangalia akasema, "Ya kulia iko juu kabisa, Kapteni." Nikaangalia yangu, nayo imerudi juu. Zimelingana. Basi tunatua bila flapi, na kishikio hakiguswi tena mpaka injini izimwe.

Ondoka hapo kwanza

Mazoea ya kazi yetu ni mabaya katika jambo moja. Ukishaanza kukaribia kutua, mwili wote umeshaamua kutua. Unauona uwanja, abiria wameshafunga mikanda, nauli nyingine inasubiri saa nne. Shida ikitokea hapo, mkono unaendelea na kazi iliyoanza. Injini ikiwa inafanya kazi na mafuta yapo, hakuna anayekulazimisha kutua dakika hii. Mimi nilikuwa na mafuta ya saa 1 na nusu. Hiyo ni mali. Itumie.

Ongeza pawa ya injini polepole, si kwa kishindo, maana pawa nayo inanyanyua pua na kuvuta ndege upande, na hujui bado usukani wako una nguvu kiasi gani. Panda kwa upole. Ukigeuka, geuka kwa kulala nyuzi 15 tu, na geukia mahali penye ardhi iliyo chini. Pale Arusha kaskazini yako ni Meru, zaidi ya futi 14,900. Mimi niligeukia kusini kwenye uwanda wazi, nikapanda hadi futi 4,000 hivi juu ya ardhi.

Mnara niliuambia maneno machache tu: tunaghairi kutua, tuna tatizo la udhibiti, tunageukia kusini na kupanda, subirini. Neno "subirini" lina thamani yake. Waongoza ndege wetu ni watu wema, na wema wao huja kama maswali. Ndege kwanza, mwelekeo wa pili, mazungumzo yaje baadaye.

Lakini yaje, na yaje kwa jina lake. Tamka Mayday, neno la dharura. Weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda inayokuonyesha kwa waongoza ndege. Sema tatizo, sema unakusudia nini, taja idadi ya watu ndani na mafuta ya muda gani. Nimeumia sana kusikia marubani wetu wakizungukazunguka redioni, "tuna kitatizo kidogo, tunaomba kipaumbele kama inawezekana," kwa sababu wanaogopa kuitwa ofisini kuandika ripoti, au wanaogopa kuonekana waoga. Ripoti niliyoandika mimi ilikuwa kurasa mbili. Niliiandika mchana, nimekaa kivulini, watu wangu wote 9 wameshakwenda kula.

Pima ulichobakiwa nacho

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalofundishwa haraka mno.

Ukiwa juu na salama, hujui bado kama ndege itakutii kwenye kasi ya kutua. Iliyotulia kwenye noti 110 inaweza kukupindua kwenye noti 90. Ni afadhali uligundue hilo ukiwa na futi 4,000 chini yako kuliko ukiwa na 40. Kwa hiyo iweke ndege katika umbo utakalotua nalo, lile lile, kisha punguza kasi noti 5 kwa wakati. Kila hatua tulia. Peleka usukani kushoto kidogo, kulia kidogo, vuta, sukuma, gusa ruda. Jiulize: nimetumia sehemu gani ya usukani kuiweka sawa? Ukiona umetumia nusu ya safari ya usukani kwa kuzuia tu isilale, hapo simama. Hiyo ndiyo sakafu yako. Ongeza kidogo juu ya hiyo kasi, andika namba kwenye karatasi iliyofungwa gotini kwako, na usishuke chini ya hapo mpaka magurudumu yaguse.

Na usisubiri honi ya kustoli, ya bawa kukaribia kuacha kubeba, ikuambie. Honi imepimwa kwa ndege nzima. Ndege yenye flapi upande mmoja, bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine, na likiacha karibu na ardhi ndege inageuka mgongo. Ndiyo maana kitabu kinasema flapi zikikataa kulingana, usiende chini ya noti 90 kwenye Caravan, na usinyanyue pua sana wakati wa kugusa chini.

Mimi niliipima hadi noti 95, flapi zote juu, usukani uko katikati, kila kitu kinajibu. Nikaandika 105 kwenye goti. Tena nikamsomea msaidizi kwa sauti, naye akarudia. Kazi yake kuanzia hapo ilikuwa moja tu, kunisomea kasi kila ikibadilika.

Ukishapima, usibadilishe umbo. Usije ukaamua kwenye maili 2 kwamba labda nyuzi 10 tu zitasaidia.

Uwanja gani

Arusha ilikuwa pale pale, naiona. Lakini hesabu zake hazikunifurahisha. Uwanja uko futi 4,550 juu ya bahari. Kwenye joto la karibu na mchana, noti 100 za kwenye kipimo ni karibu 110 juu ya lami kama upepo haupo. Bila flapi, kitabu kinaniambia niongeze noti 15 kwenye kasi ya kukaribia na niongeze asilimia 40 kwenye urefu wa kutua. Na mimi nilikuwa nakuja hata zaidi ya hapo, kwa hiari yangu.

KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, iko mashariki, dakika 15 au pungufu. Njia yake ya kutua ni mita 3,600, karibu mara mbili ya ile ya Arusha. Iko futi 2,932, kwa hiyo hewa ni nzito kidogo. Pembeni hakuna mlima wa kukubana, na kuna magari makubwa ya zimamoto. Kampuni ingelazimika kuwaletea abiria gari la kuwarudisha mjini, na safari ya saa nne ingekufa. Niliyafikiria hayo, sitakudanganya kwamba sikuyafikiria. Yalinichukua pumzi moja.

Ukichagua uwanja, kwa tatizo la udhibiti, tafuta mambo haya kwa mpangilio huu: njia ndefu na pana, upepo unaokuja usoni badala ya ubavuni, nafasi ya kuja moja kwa moja bila kona za chini, kisha msaada. Kama ruda au eleroni ndiyo mbovu, upepo wa ubavuni unapanda juu ya orodha, hata juu ya urefu.

Abiria waambie ukweli kwa ufupi. Caravan haina mlango kati yetu na wao, kwa hiyo niligeuka tu. Kuna sehemu ya bawa haifanyi kazi, ndege inaruka vizuri, tunakwenda kwenye uwanja mrefu zaidi, tutatua kwa kasi kuliko kawaida, mtaona magari ya zimamoto yanatufuata. Nikarudia kwa Kiingereza. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele akanishika begani. "Mwanangu, tuko salama?"

"Tuko salama, mama. Kaza mkanda, vua miwani uweke mfukoni, miguu yote miwili chini."

Kutua bila flapi

Ukizoea flapi, ndege bila flapi inaonekana ya kigeni. Pua iko juu, njia ya kutua inajificha nyuma ya injini, na unahisi uko chini sana hata kama uko sawa. Macho yatakudanganya, amini taa za PAPI, zile za pembeni mwa njia zinazokuonyesha uko juu mno au chini mno. Nyekundu mbili na nyeupe mbili, bakia hapo. Zidisha kasi ya ardhini kwa 5 upate mteremko wako: noti 110, shuka futi 550 kwa dakika. Panga fainali ndefu, ile njia ya mwisho iliyonyooka kuelekea uwanjani, maili 8 au 10, ili kila kitu kiwe kimetulia mapema na mikono isiwe na kazi ya kurekebisha makubwa.

Pawa ipunguze mapema, kwa vipande vidogo. Ndege isiyo na flapi haina breki ya hewa, inateleza. Ukiwa juu kidogo tu, huwezi kuishusha bila kuongeza kasi. Na ukifika juu ya lami usiishikilie ili iguse kwa ulaini. Ulaini huo unakula mita 500. Nyanyua pua kidogo tu kuvunja mteremko, magurudumu makubwa yaguse, pua ishuke, kisha pangaboi ligeuze lisukume kinyume kwa upole, na breki taratibu. Una lami. Itumie yote. Nilipita njia za kutokea mbili bila kugusa breki kwa nguvu, huku magari mekundu yakikimbia sambamba nasi upande wa kushoto.

Eleveta ikikatika

Flapi ni kitu cha ziada. Ndege iliumbwa iweze kutua bila hizo. Eleveta, bapa la mkia linalonyanyua na kushusha pua, ni jambo jingine, na hapa inabidi nirudi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilikosomea.

Mwalimu wangu, mzee mmoja mpole aliyerusha ndege za mashambani maisha yake yote, alinipeleka juu ya uwanda na Cessna 172 akaniambia niachie usukani. Kabisa, mikono mapajani. "Sasa tupeleke nyumbani." Nilicheka, nikadhani ananipima. Hakuwa anacheka.

Nilijifunza siku hiyo kwamba gurudumu dogo la trimu na kishikio cha pawa vinatosha. Flapi nyuzi 20, trimu iweke ndege iruke sawasawa kwenye noti 65 hivi kwa 172S. Kisha trimu usiiguse tena. Ukitaka kushuka, punguza pawa. Ukitaka kupanda, ongeza. Kasi itabaki karibu pale pale, kwa sababu trimu ndiyo inayoishikilia. Shida inakuja mwisho: ukikata pawa karibu na lami pua inaanguka, na gurudumu la mbele linagonga kwanza. Kwa hiyo wakati wa kunyanyua, trimu ipeleke yote kwenye pua juu, pawa urekebishe ndege ikae sawa, na pawa uikate magurudumu yakishagusa.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui. Kama kebo ya eleveta imekatika na eleveta inaelea huru, trimu inafanya kazi kama kawaida. Lakini kama eleveta imekwama ngumu, haisogei, lile bapa dogo la trimu linageuka kuwa eleveta ndogo lenyewe, na linafanya kinyume. Ukipeleka pua juu, pua inashuka. Kwa hiyo ukiwa juu, kabla ya chochote, sogeza trimu kidogo sana uone pua inakwenda wapi. Usilisome hilo kwa mara ya kwanza ukiwa fainali.

Kuendesha ndege kwa pawa tu kunataka subira ambayo mwili hauna. Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United, safari 232, ilipasukiwa na injini ya mkia, vipande vikakata mabomba yote matatu ya haidroliki. Hakuna usukani uliofanya kazi. Kapteni Al Haynes na wenzake, pamoja na mwalimu wa DC-10 aliyekuwa abiria, Denny Fitch, waliipeleka Sioux City kwa vishikio vya pawa vya injini mbili zilizobaki. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe kama mawimbi, na walijifunza kuongeza pawa kabla pua haijafika chini, kwa sababu wangengoja waione imeshuka, pawa ingefika wakati pua inapanda na kuzidisha wimbi. Bawa la kulia lilishuka muda mfupi kabla ya kugusa. Watu 112 kati ya 296 walikufa. 184 waliishi, kutoka kwenye ndege ambayo haikuwa na usukani. Ukibaki na pawa tu, sukuma kwa ajili ya mahali pua itakapokuwa, kidogo, kisha ngoja.

Eleroni zikikwama, ruda itakuzungusha. Kona pana, kulala kidogo, uwanja wa mbele. Ruda ikikwama, breki zitakunyoosha ukishagusa chini, lakini usije na upepo wa ubavuni.

Kile kipande cha chuma

Fundi alikuja KIA na gari mchana ule, akafungua vifuniko vya bawa la kulia, akakaa humo nusu saa. Aliposhuka aliniwekea kwenye kiganja ncha ya fimbo ya kusukuma flapi, imevunjika pale kwenye sikio la skrubu. Uso wa mvunjiko ulikuwa na rangi mbili. Nusu ilikuwa nyeusi, imefifia, ya zamani. Nusu inang'aa kama shilingi mpya. Nyeusi ilikuwa ufa ambao umeishi humo muda mrefu, ukitembea kidogo kila tulipoteremsha flapi. Inayong'aa ilikuwa ya asubuhi ile.

Nilikuwa nimeikagua ile ndege alfajiri. Nilikuwa nimezitazama flapi, nikaona zipo.

Sasa nafanya hivi. Nikiwasha betri nateremsha flapi zote hadi nyuzi 30, nazima, nashuka. Nasimama nyuma ya mkia nione kingo mbili zimelingana. Kisha naenda kwenye kila flapi, nashika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili na kuutikisa kwa upole juu na chini, halafu nakwenda upande wa pili nafanya vile vile, nikilinganisha mchezo wa hii na wa ile. Natega sikio. Chuma kilicholegea kina mlio mkavu, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Kisha usukani: nashika juu, vidole gumba vimesimama, nageuza kushoto, na kidole gumba kinatakiwa kielekee kwenye eleroni iliyonyanyuka. Kulia, vivyo hivyo. Nafanya hivyo kwa macho, natazama bawa lenyewe, hasa ndege ikitoka kwa mafundi. Tarehe 11 Novemba 2018 Embraer ya Air Astana ilipaa kutoka kwenye matengenezo Ureno na kebo za eleroni zimefungwa kinyume. Waliteseka nayo angani zaidi ya saa nzima hadi wakatua Beja.

Asubuhi ya leo flapi ya kulia ilicheza zaidi kidogo kuliko ya kushoto. Kidogo mno, labda upana wa ukucha. Nilitikisa tena, nikamwita msaidizi naye atikise. Akaniangalia bila kusema kitu. Tukamwita fundi, nikatembea hadi kwenye kivuli kuwaambia abiria kwamba leo tutachelewa.